Maryam Mmoja, Kura Moja

Ilitangazwa rasmi Jumapili moja ya mwaka 2006, baada ya chai na kabla sambusa hazijakwisha, kwamba Umoja wa Waswahili wa Washington na Vitongoji Vyake umelipatia ufumbuzi wa kudumu tatizo la akina Maryam.

Aliyetangaza ni Mwenyekiti mwenyewe, Bwana Abdulghafur, amevaa suti ya kijivu na kofia ya viua, katika ukumbi wa chini wa jengo la fleti huko Hyattsville. Alisoma polepole ili historia ipate nafasi ya kuandika.

"Kuanzia leo, wanawake wote watapiga kura. Ila, kwa urahisi wa utawala, wote wanaoitwa Maryam watahesabiwa kuwa mtu mmoja. Maryam mmoja, kura moja."

Kisha akaanza kujipigia makofi, ili ukumbi upate wa kumfuata.

Mtu asije akadhani Mwenyekiti alikuwa na nongwa na wanawake. Aliwapenda sana, maana nani angepika? Ni vile tu kwamba kura ilikuwa ya nyumba, na nyumba husemewa na mwanamume. Utaratibu ulikwenda vizuri mpaka alipofiwa na mumewe Maryam wa Hyattsville, mama yake Fawaz, anayefanya kazi ya kuwatunza vikongwe. Kura ya marehemu ikarithiwa na shemeji aliyehamia Texas. Hakuna aliyeona tabu isipokuwa mjane mwenyewe. Akaanza kupita nyumba kwa nyumba; ukimkuta arusini anazungumza kura, ukimkuta msibani anazungumza kura.

Safari hii alikuwa na lake la kumuuma. Jumapili hiyohiyo ingepigwa kura ya kulihamisha darasa la Kiswahili la watoto kwenda Manassas, jirani na nyumba ya Mwenyekiti, ambako Kamati iliridhika kwamba hewa inaifaa lugha. Maryam hana gari, na treni ya Manassas haitembei Jumamosi, siku ya darasa. Fawaz ana miaka saba, na ukimsemesha Kiswahili hujibu Kiingereza. Lakini wiki iliyopita alimwamkia mama yake "Shikamoo" bila kusukumwa, na mama akaenda kulia bafuni.

Kamati iliona mbali. Iliwakubalia wanawake kura, kwa kuwa dunia inatazama na ubalozini kuna masikio. Halafu ikaunda Kamati Ndogo ya Majina Yanayofanana, chini ya Katibu, Bwana Dunstan, ambaye hajapata kukutana na jambo jepesi akaliacha jepesi. Uchunguzi wake ulibaini kwamba akina Maryam ni wengi, kwamba wanaitana "somo" kama ilivyo desturi ya pwani kwa wenye jina moja, na kwamba somo hamwangushi somo yake. Kwa hiyo kura zao zote zingekwenda upande mmoja. Kwa hiyo ni kura moja. Akina Christopher nao walikuwa wengi, lakini ilionekana kwamba kila mmoja ana sura yake.

Maryam akasimama. "Mheshimiwa, nataka nifahamu vyema. Mimi na somo yangu wa Columbia ni mtu mmoja?"

"Mmoja."

"Hata haki zetu?"

"Haki, wajibu na heshima. Hatubagui."

"Na Maryam yeyote yumo?"

"Yeyote!" alisema Mwenyekiti. "Azimio hili halina mwanya."

"Ahsante. Nimeridhika," akasema, akakaa.

Mwenyekiti alifurahi kuona elimu ya uraia inawaingia watu. Wanaume wakanyoosha mikono, azimio likapita, na Dunstan akaligonga muhuri.

Sasa, mbele kabisa, kwenye kiti chenye mto, alikaa mama yake Mwenyekiti, ambaye ni Mlezi wa Umoja. Cheo hicho mwanawe alikibuni siku alipompokea kutoka Unguja, akaandika katika Katiba kwamba neno la Mlezi halipingwi, maana alijua mama hasemi mikutanoni. Jina lake hakuna aliyelitamka. Mtu mzima hatajwi jina. Wote walimwita Mama Mlezi, na Mwenyekiti alimwita Mama tangu ajue kusema. Hata binti yake, aliyempa jina la bibi yake, naye alimwita Mama, kwa heshima ileile.

Binti huyo ndiye aliyeinua mkono. "Baba, wait. I'm Maryam. Na Bibi pia ni Maryam."

"Nyamaza, Mama," akasema Mwenyekiti. Kisha akasikia alichoambiwa, na mkono wake ukaenda kwenye kofia, ukahakikisha iko.

Maryam wa Hyattsville alikwisha fika mbele. Alimbusu bibi mkono. "Somo yangu, niruhusu."

"Ruhusa, somo."

Akaugeukia ukumbi. "Mimi Mlezi natoa neno. Darasa linabaki hapahapa. Na kila mwanamke apige kura yake. Sisi akina Maryam tutatosheka na hii moja."

"Huyu si Mlezi!" Mwenyekiti aliruka. "Katibu!"

Dunstan alikohoa. "Mheshimiwa, kwa mujibu wa azimio, ndiye. Ukisema siye, basi ni watu mbalimbali, na azimio limekufa. Tena, kwa mujibu huohuo..." Akasita.

"Sema!"

"Ni mama yako mzazi."

Ukumbi mzima ukaacha kutafuna.

"Abdulghafur, mwanangu," akasema Maryam kwa upole, "kaa kitako."

Mwenyekiti alimtazama mama yake, yule wa kumzaa, amwokoe. Bibi alirekebisha ushungi wake taratibu.

"Msikilize mama'ko," akasema.

Akakaa.

Azimio halijafutwa. Kulifuta kunahitaji ridhaa ya Mlezi, na Mlezi, ukimuuliza Hyattsville au Columbia, anasema bado anafikiri. Fawaz siku hizi anabishana na mama yake kwa Kiswahili, na mama hamkatizi. Na kila Jumamosi, kwa agizo la Mlezi, Mwenyekiti huendesha gari kutoka Manassas kuja darasani. Mtu mmoja amekaa kiti cha mbele, mtu huyohuyo amekaa kiti cha nyuma, na pande zote mbili anaambiwa apunguze mwendo.