Majina Saba ya Kilele cha Wingu

Mheshimiwa Gavana wa Mkoa, Mheshimiwa Naibu Gavana, Waheshimiwa Wakurugenzi wa taasisi zetu saba za setilaiti kwa mpangilio wa umri wa taasisi, waheshimiwa mliocheleweshwa na treni, mabibi na mabwana. Mimi, Nagayasu, Mwenyekiti wa Kamati ya Kuoanisha Majina ya Takwimu za Mawingu, nasimama mbele yenu kwa unyenyekevu ambao wengi wameusifu. (Makofi.)

Mtakumbuka kwamba mwaka jana taasisi moja iliandika "urefu wa wingu" ikimaanisha kilele chake, nyingine ikaandika hivyo hivyo ikimaanisha upande wake wa chini, kompyuta ikachanganya takwimu zao, mvua ya kutisha ikaonekana manyunyu, na bonde la Ogase likapata onyo maji yakiwa tayari sebuleni. Tuliinama kuomba radhi kwa sekunde ishirini, tano zaidi ya zilizopangwa. (Makofi ya heshima.)

Tangu hapo, ndugu wadau, tumekaa vikao arobaini na viwili, tumefikia mwafaka kwa asilimia tisini na sita, na kwa kuwa hakuna taasisi iliyostahili kuaibishwa kwa kuambiwa iache jina lake, mchakato wetu shirikishi umeridhia kwamba jina sanifu la kilele cha wingu ni majina yote saba, ila yasomwe kuanzia la taasisi kongwe. (Vicheko nyuma, Mwenyekiti anapunga mkono.)

Naona Bi Kuwahata, mtoa maonyo wa Ogase, ameinua mkono tangu nianze. Haya, sema.

"Samahani, Mwenyekiti. Kimbunga kinafika kesho mchana. Kompyuta yangu inapokea jina moja tu. Niandike lipi?"

Swali zuri sana. Litaundiwa kamati ndogo.

"Mama yangu anakaa kule, Mwenyekiti. Nipe lolote, mradi wote saba walitumie."

Lolote si istilahi ya kitaalamu, Bi Kuwahata. (Bi Kuwahata anachukua mwavuli, anatoka na simu sikioni: "Mama, panda kwa shangazi mlimani. Leo hii. Hapana, onyo halijatoka. Wewe nenda tu, na majirani uwaambie.")

Tuendelee na kaulimbiu yetu. Jina moja! (Ukumbi: "Usalama kwa wote!") Asanteni. Nawashukuru waliogonga mihuri, walioandaa wali na samaki aina ya mkunga wa mchana, na zaidi mchapaji, aliyeufunga kwa jalada la buluu Mwongozo huu mlionao mikononi, kurasa mia tatu kamili, bila kutuuliza hata mara moja kwa nini zote ni tupu.