Fidia ya Baba wa Bibi Harusi

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimepata akili ya maisha nikiwa na wembe mkononi. Ndiyo faida ya ukinyozi. Mteja, karani wa benki, kichwa nusu kimenyolewa nusu bado, kanieleza kwamba mwezi uliopita safari yake ya ndege ilifutwa. Nikampa pole. Akasema pole ya nini? Alilazwa hotelini, akalishwa, na juu yake akalipwa fidia. Ni haki ya abiria. Nikamnyoa taratibu mno ili nisikie yote.

Na Jumamosi binti yangu anaolewa! Mji wa mbali, upande wa pili wa milima. Mke wangu alishakata tiketi za basi: yeye, mimi na mama mkwe. Nimezirudisha. Nimekata za ndege, Ijumaa asubuhi, kwa shirika ambalo mji mzima unalilaani kwa kufuta safari. Ijumaa tunafutiwa, tunalala hotelini. Jumamosi asubuhi tunapandishwa nyingine. Harusi alasiri, fidia za watu watatu mfukoni. Sioni pa kukosea.

Mke kauliza nini kimenipata. Nikamwambia ni mapenzi. Kaenda kuwatangazia majirani. Roho ikanisuta kidogo, nikaipuuza.

Jumanne, 4 Machi

Ujumbe kutoka shirika la ndege. Moyo ukaruka. Wanasema safari ipo na ndege itaondoka kwa wakati. Watu hawana haya.

Jioni kaja shemeji, kaka wa mke wangu, fundi wa friji, mtu asiyekosea jambo na asiyeacha kukwambia. Yeye anakwenda kwa basi, Alhamisi, maana hapendi kubahatisha. Kasema shirika lile lina mkurugenzi mpya, siku hizi halifuti hovyo. Kisha, kwa raha zake, kaongeza kwamba hali mbaya ya hewa ikifuta safari hakuna fidia, wanakulaza tu. Lazima kosa liwe lao wenyewe. Mjuaji huyu!

Kwa hiyo nahitaji anga safi na injini mbovu. Baada ya chakula mama mkwe katuombea tusafiri salama. Mimi nikaomba kinyume chake, kwa sauti ya chini. Sijui ya nani itapokelewa. Mwenzangu ana umri na ana cheo.

Jumatano, 5 Machi

Nimefunga kibanda, nimekwenda uwanja wa ndege kuitazama. Kupitia wavu nikamwona fundi wa ndege anajifuta mikono. Nikamwuliza hali ya mgonjwa. Mgonjwa yupi? Nikasema ile inayoruka Ijumaa. Kasema ni nzima kabisa. Nikamsihi aangalie tena, hasa mguu wa mbele. Kaita askari.

Askari walitaka kujua kwa nini abiria ahuzunike akiambiwa ndege ni nzima. Nikawaeleza haki za abiria, kwa kirefu. Waliniachia kwa uchovu.

Ijumaa, 7 Machi

Ndege ipo. Imeoshwa. Rubani hata mafua hana. Nilishakata tamaa, mpaka mhudumu akatangaza kwamba wameuza tiketi nyingi kuliko viti. Wanatafuta mtu mmoja wa kujitolea kubaki. Atapewa hoteli, chakula, kiti kesho asubuhi na kifuta jasho. Hajamaliza kusema, mkono wangu uko juu. Nilimwangushia bwana mmoja kofia.

Mke kanikumbusha kwamba mimi ndiye baba wa bibi harusi. Nikasema harusi ni kesho alasiri, nitafika mapema. Kauliza nani atamshika mkono binti yetu nikichelewa. Nikacheka. Mama mkwe alinitazama kama mtu anayetazama maziwa yakifurika sufuriani. Wakapanda. Mimi nikatia saini.

Hoteli safi. Kitanda kinatosha ukoo mzima. Kifuta jasho kumbe si pesa, ni tiketi ya bure ya shirika hilohilo, kwa mtu mmoja. Si neno. Haba na haba hujaza kibaba.

Jumamosi, 8 Machi

Imefutwa! Anga safi, injini imegoma, kosa lao mia kwa mia. Watu wanalia, mimi nimemkumbatia mtawa. Nikawa wa kwanza kwenye foleni. Mhudumu kanisomea karatasi niliyotia saini jana: aliyejitolea amekwisha kupokea chake, hadai tena lolote kwa safari hii. Walio nyuma yangu wote wanalipwa. Hata mtawa. Nikauliza ndege nyingine ni lini. Kesho.

Kesho. Hapo ndipo nilipoelewa. Basi nalo halifiki kabla ya usiku.

Alasiri binti kapiga simu. Nilikuwa nimekaa sakafuni, karibu na mizani ya mizigo. Kasema alichelewa kuingia makusudi, mpaka wageni wakaanza kupiga miayo, na kila mlango ulipofunguliwa alidhani ni mimi. Mwishowe kashikwa mkono na mjomba wake. Yaani shemeji. Kisha kaniuliza kama walinishusha kwa nguvu. Nikasema ndiyo. Nyuma yake nikasikia mama yake akisema alinyoosha mkono mwenyewe. Binti kakata simu. Nimelia mbele za watu na sikujali.

Jumapili, 9 Machi

Nimefika. Viti vya wageni vinapakiwa kwenye gari. Shemeji kanipa pole ndefu, yenye maelezo. Binti kavaa tena gauni lake, limekunjika, ili tupige picha mimi na yeye. Kanikumbatia muda mrefu. Nikamwomba radhi, nikaapa mbele ya wote kwamba mambo ya fidia basi, yamekwisha. Nilimaanisha kila neno.

Kesho tunarudi kwa ndege. Mama mkwe kasikia abiria ni wengi kuliko viti. Tangu hapo mke wangu kanishika mkono wa kulia na hauachii ila nikienda chooni. Binti anaona tumepatana, machozi yanamlenga. Mke kasema ataushika mpaka tukae kitini na mlango ufungwe.

Ndiyo maana mwandiko wa leo mbaya. Naandika kwa mkono wa kushoto. Nimeujaribu chooni, unanyooka vizuri tu.