Mashine Isiyoulizwa Inatoka Wapi

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Jengo,

Natumaini waraka huu unakukuta mzima, wewe na goti lako.

Juzi ulisimama mlangoni mwa karakana yetu ya vibao, chini ya ngazi, ukasema, "Mzee, humu hamtoshi nyote. Ama meza yako, ama hiyo mashine. Kamati inataka jibu." Niliitikia kwa kichwa tu kwa sababu nilikuwa nimeuma penseli. Sasa nimeitoa mdomoni. Naomba mashine iondoke, kwa sababu zifuatazo:

1. Asili yake haieleweki. Mpwa wangu, binti wa marehemu dada yangu, ameiunda kwa reli za droo za ofisi iliyofungwa, mota za printa mbovu, na ruta ya kuchongea mbao aliyoiacha seremala mmoja alipohama. Kompyuta ndiyo inayoiongoza. Hakuna kipande kilichozaliwa pamoja na kingine. Hata hivyo ilipokelewa siku hiyohiyo, ikapewa soketi na nafasi ya dirishani. Mimi nimeishi mji huu tangu ndevu zangu zikiwa nyeusi, na muuza magazeti bado ananiuliza natoka wapi na nitarudi lini. Sina kinyongo. Naulizia utaratibu tu.

2. Haikupitia uanafunzi. Mimi kabla ya kukabidhiwa msumeno nilifagia chenga za alumini mpaka nikaziota. Fundi wangu alinifundisha kuchora mstari kwa ncha ya chuma, kukata nje yake kidogo, kisha kuufuata kwa tupa taratibu, maana bati likishakatwa halirudi. Mashine hukata palepale penye mstari. Haiachi hata unywele wa kupiga tupa. Asiyejiachia nafasi ya kujisahihisha si fundi, ni mwenye kiburi.

3. Inakunywa kazini. Ikikata alumini, mpwa wangu huidondoshea spiriti ili chenga zisigande kwenye kisu chake kinachozunguka. Mimi nikiulizia chai naambiwa, "Ngoja kwanza, mjomba, isije ikakauka." Majirani wameipa jina la Bwana Harusi: imeketi katikati, inapanguswa vumbi, na hakuna anayethubutu kuiambia inyanyue kitu.

4. Hili ndilo zito. Inavunja heshima ya methali. Wiki iliyopita mpwa wangu alikwenda kununua skrubu, akaniachia Bwana Harusi akikata kibao cha plastiki cha zahanati. Niliona anakimbia mno. Kwa msumeno wa mkono plastiki hutaka upole. Ukiipeleka mbio inapata moto na kuyeyuka. Basi kwa utu tu nikampunguzia mwendo kwenye kompyuta, nikamnong'oneza kwamba haraka haraka haina baraka. Kumbe nilipunguza hatua zake tu. Kisu kiliendelea kuzunguka kasi ileile, kikaisugua plastiki mahali pamoja mpaka ikawa uji, na uji ukaganda nyuma yake. Kibao kilikatwa huku kikijifunga chenyewe, kama kidonda kinachopona. Mpwa wangu aliporudi alicheka hadi akakaa sakafuni. "Mjomba, huyu ukimbembeleza anaharibu! Mwache akimbie!"

Mwenyekiti, fikiria mwisho wake. Leo mashine inaikana methali moja. Kesho watoto wa jengo watakimbia ngazini wakidai wanajikinga wasiyeyuke. Keshokutwa hakuna atakayengoja zamu bombani, wala atakayesimama kumwamkia mkubwa. Hatimaye utafungua kikao cha kamati ukute wajumbe wameshakimaliza bila wewe.

5. Haina kwao. Nilipoondoka kwetu nilibeba mkasi wa bati na mkono huu. Nikikata herufi R, mguu wake nauvuta nje kidogo, kama alivyouvuta fundi wangu. Siku moja mama mmoja alisimama mbele ya kibao cha duka la viatu, akaweka kikapu chini, akasema, "Aliyekata hiki ni mtu wa kwetu." Hakukosea. Herufi za mashine ni safi kuliko zangu, nakiri, lakini hakuna atakayeweka kikapu chini kwa ajili yake. Meza yangu ikitolewa, hatakuwepo wa kuonyesha kwamba watu wa kule walipita hapa.

Kwa hayo yote, naomba kamati iamue kwa haki, yaani kwa upande wangu.

Nisalimie mkeo, mlinzi wa geti, majirani wa ghorofa ya juu wanaolalamikia kelele, na yule mjumbe anayesinzia vikaoni; asiamshwe kwa ajili yangu.

Ni mimi, mtiifu wa kanuni za jengo hata zile zisizosomeka,

Mzee wa Vibao,
Chini ya Ngazi.

N.B. Uniwie radhi kwa mwandiko kurukaruka. Mpwa wangu yuko kwa mteja, na lazima mtu akae karibu na mashine. Hivi punde ilikwama kwenye kona ya bati, ikalia vibaya. Nimeizima, nimeitoa chenga kwa brashi ya meno, nimeiambia "pole, baba," na imeendelea vizuri sana. Sidhani kama ingemkubalia mgeni. Kwa hiyo, ikiwa kamati itashikilia kwamba mmoja wetu lazima atoke, tafadhali tuandikieni notisi moja, sote wawili. Kuhama peke yangu nimewahi. Siitakii hata mashine.