Malalamiko Dhidi ya Fundi Aliyeulaumu Mguu Wangu wa Kushoto

Mwl. Maroa (Mstaafu),
Suna, Migori.
Jumatano, 13 Agosti 1997

Kwa Bwana Mochama,
Mwenyekiti, Chama cha Mafundi wa Magari, Suna.

Ndugu Mwenyekiti,

Natumaini u mzima, na mama watoto pia, na yule ng'ombe wenu aliyekuwa akichechemea. Mimi ni mzima. Gari langu ndilo halijambo kidogo tu.

Kwa heshima zote namshtaki mwanachama wako, Fundi Ratemo, kwa sababu zifuatazo:

1. Nilimpelekea Datsun yangu kuukuu ikinguruma sana na kwenda kidogo, huku ikitoa harufu ya kuungua. Ratemo alivuta handibreki, akaingiza gia ya nne, akaachilia klachi. Alinieleza kwamba klachi nzima ingezima injini papo hapo. Yangu iliendelea kunguruma bila wasiwasi, kwa hiyo inateleza. Mpaka hapo sina ugomvi. Lakini badala ya kuchukua spana, aliketi kando yangu akaniomba nimwendeshe hadi sokoni na kurudi. Njia nzima alikuwa akihesabu kwa vidole. Tuliporudi akatangaza mbele ya wateja: "Mwalimu, umesalimia watu thelathini na moja. Hii klachi imeuawa na salamu." Wateja walicheka. Wawili kati yao niliwafundisha darasa la tatu.

2. Naomba nieleze ninavyosalimia, uone kama kuna kosa. Nikikutana na mtu ninayemjua, siwezi kumpita. Watasema tangu Maroa anunue gari kichwa kimemvimba. Siwezi pia kusimama kabisa, maana nikivuta handibreki itaonekana nimekuja kuwatembelea, nikizima injini lazima nishuke, na nikishuka nitapikiwa chai. Chai ya Suna haiishi kabla ya saa sita. Kwa hiyo nakanyaga klachi nusu, gari linatembea kwa mwendo wa mtu, nasi tunaulizana habari za nyumbani, za watoto na za mahindi. Tukiwa mlimani, nalishikilia gari palepale kwa klachi hiyohiyo mpaka habari ziishe. Ratemo anaita hili kuchoma klachi. Mimi naliita adabu.

3. Katika miezi kumi ameteremsha giaboksi mara tatu ili aifikie klachi. Mara ya tatu, juzi tu, aliniwekea sahani ya klachi mapajani. Ilikuwa imelika hadi kwenye ribiti, vile vijisumari vyake, laini kama upara wangu. Akafunga mpya, akarekebisha kebo ili pedali icheze vidole viwili kabla ya kushika, kisha akapigilia kipande cha ubao sakafuni, kando ya pedali. Hapo ndipo mguu wangu wa kushoto unapaswa kukaa nisipobadilisha gia. Nilimwuliza mguu utakuwa ukifanya nini hapo muda wote huo. Alisema utakuwa umetulia. Miaka thelathini na minne nimewatuliza watoto wa watu, leo nimewekewa ubao.

4. Sasa nafika kwenye kinachoniuma. Binti yangu Dorine, aliyeolewa Homa Bay, alijifungua mjukuu wangu wa kwanza Oktoba iliyopita. Anaitwa Bravin. Sijamwona. Nilitangaza kanisani kwamba nitafika na gari langu mwenyewe na kupiga honi langoni, na mtu akishatangaza hivyo hawezi tena kuonekana kwenye matatu. Nimeondoka mara nne. Mara ya kwanza nilikwama kabla ya Awendo, kwa kuwa ilikuwa siku ya soko. Mara ya pili na ya tatu nisingependa kuzizungumzia. Mara ya nne nilifika kilima cha kuingilia Rongo, injini ikipiga kelele na gari limesimama tuli, mama mmoja mwenye kikapu cha viazi akanipita kwa miguu. Nilimsalimia. Mke wangu Kezia amekwisha kwenda kwa matatu mara tano, na kila akirudi ananiambia mtoto ana masikio yangu. Dorine ameandika kwamba sasa anasimama kwa kushika kiti. Nikisoma barua hiyo roho inaniuma sana.

5. Kwa hayo yote naomba Chama: kwanza, kiagize klachi ya watu wanaojuana, maana waliounda hii huenda kwao hakuna anayeulizia mahindi, pili, Ratemo asimamishwe kazi mpaka auombe mguu wangu radhi kwa maandishi, na tatu, ikishindikana, Chama kiwaandikie wakazi wote kuanzia Suna, kupitia Awendo na Rongo, hadi Homa Bay, wajifungie ndani Jumapili hii kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa sita mchana, ili nipite.

Nikitumaini utalipa jambo hili uzito wake, nabaki ndugu yako katika barabara zilezile. Nisalimie mama watoto, na Nyamoita wa duka la kona, na Benta na wanawe wote, na mzee Kerosi mwambie goti lake nimelikumbuka, na yeyote utakayekutana naye ukienda kwao.

Wako mtiifu,
Maroa

Nyongeza: Barua hii nilikuwa sijaituma. Naimalizia Homa Bay, Jumapili. Ratemo alikuja asubuhi, akachukua funguo bila kuniomba, akaniketisha kiti cha abiria. Alipobadilisha gia alikanyaga klachi mara moja na kuiacha, na mguu wake ulikaa kwenye ule ubao. Kilima cha Rongo tulikipanda kama hakipo. Watu tisa waliniita kwa jina, nikainamisha kichwa kama mwizi. Tulifika kabla ya saa tano, klachi haina hata harufu. Honi nilisahau kuipiga.

Futa malalamiko yote, Ratemo yuko sawa. Dorine alinipa mtoto, akaniambia, baba, msalimie. Nimewasalimia watu wa wilaya nzima kwa miezi kumi, na mbele ya huyu mmoja nilikosa neno. Nililia tu, na yeye akanishika sikio.