Stika ya Bima na Ndevu za Haji

Jamani, leo nimejiaibisha mchana kweupe, tena nikiwa nimevaa vizuri. Nina hasira hata chai hainishuki.

Mnajua nimenunua gari la Haji Musa, yule mwenye duka la vitambaa Kasubi. Bima bado haijaisha, lakini ina jina lake. Na kesho ni kwanjula ya dada yangu, siku ya bwana harusi kuja kujitambulisha kwetu. Mimi ndiye wa kumbeba ssenga, shangazi yetu, ambaye asipofika bwana harusi hapokelewi. Trafiki wamejaa njia yote ya Makindye. Kwa hiyo bima ilikuwa lazima ihamie kwangu leo.

Nilijiandaa. (Mimi hujiandaa hata kwenda kununua nyanya.) Nilitazama kila video. Jamaa mmoja akasema kwa kujiamini kabisa: "Kwanza toa stika ya zamani kwenye kioo." Basi! Nikimsubiri Haji nje ya ofisi ya bima, nikatoa wembe nikaikwangua. Isitoshe ilikuwa imepinda, na ilinikera tangu siku niliponunua gari. Mabaki nikayafunga kwenye tishu. Situpi taka ovyo.

Haji akafika, duka amelifunga kwa ajili yangu. Tukaingia. Karani akapitia karatasi zetu, zote safi. Nikatabasamu.

"Stika ya zamani?"

"Nimeshaitoa."

"Vizuri. Lete."

"Nimeikwangua."

Akaniangalia. "Nnyabo, ile inarudi hapa nzima ndiyo tunakupa yako. Tutajuaje hujampa mtu abandike kwa gari lake?"

Video haikusema hivyo! Yule jamaa, siku nikimpata!

Nikafungua tishu, nikaanza kupanga vipande pale kaunta. (Ndiyo. Mbele ya watu.)

"Hii ni stika ama maganda ya yai?" karani akauliza.

Mstari mzima ukacheka. Mama mmoja nyuma yangu akasema, "Banange, mwacheni msichana amalize kushona!"

Nilikuwa nakaribia kumaliza, naapa. Ndipo mjinga fulani akawasha feni.

Nikajikuta chini ya benchi, magoti vumbini, gauni jeupe. "Samahani, inua mguu. Samahani, na wewe." Nikaviokota vyote isipokuwa kimoja, chenye tarakimu ya mwisho. Nikainua macho nikakiona. Kimenasa kwenye ndevu za Haji.

"Haji, usitikisike!"

"Kuna nini? Nyuki?"

Nikamshika ndevu. Nikavuta.

Huyu ni mtu ambaye Kasubi nzima humsalimia kwa kuinama. Nikafungua vidole polepole.

Lilikuwa yai. Yai la chapati ya mayai aliyokula asubuhi.

"Mwanangu," Haji akasema, akijisugua kidevu, "mimi nilikuuzia gari. Ndevu hazikuwemo."

Wakacheka mpaka mlinzi akaingia kuuliza kama kuna vita.

Haji akanisogeza pembeni kama pazia. "Bima bado ina jina langu, si ndiyo?" akamwambia karani. "Basi stika yangu imeharibika, mabaki yake haya hapa. Nipe nyingine."

"Wewe Haji nakupa sasa hivi. Huyu aje Jumatatu kuhamisha."

Sasa hivi! Kumbe ilikuwa rahisi hivyo, na hakuna aliyefungua mdomo wakati natambaa kwenye viatu vya watu!

Haji hakukubali hata niishike. Akaenda mwenyewe kwenye gari, akaibandika kwa kiganja, pa! Imepinda kuliko ya kwanza. Akanyoosha mkono, nikampa wembe wangu, akautia mfukoni.

Kwa hiyo kesho ssenga atafika. Nitaendesha njia nzima nikiitazama ile stika, na sitaigusa. Lakini Jumatatu lazima niibandue na kuirudisha nzima.

Anayejua namna ya kuibandua aje nyumbani anionyeshe kwa mikono yake. Atakayenitumia video, tusijuane.