Nguvu Kazi Imekimbia, Nami Nina Harusi

Nachingwea,
Novemba 1998.

Ndugu Meneja wa Mipango,
Makao Makuu, Dar es Salaam.

YAH: KUOMBA RUHUSA YA JUMAMOSI MOJA

Natumaini hujambo na joto la huko halikusumbui. Mimi ni Bonifasi, msimamizi wa zamu katika kiwanda chenu cha kubangua korosho. Kwa heshima zote naomba ruhusa ya Jumamosi moja tu, nikamuoze binti yangu Magreti kule Ruponda. Mwenye kutoa ruhusa hapa ni mimi, na nimejinyima kwa sababu zifuatazo.

1. Ofisi yako hupanga idadi ya watu, mimi hupanga zamu, na hatujawahi kuulizana hata habari za asubuhi. Mwezi wa sita, korosho zikiwa bado maua, ulituletea watu themanini. Niliwapangia zamu ya kufagia uwanja. Walifagia mpaka uwanja ukawa bonde.

2. Sasa korosho zimejaa ghalani, ukaleta tangazo: Mpango wa Nguvu Kazi, wote wajiandikishe getini, lori litakuja. Ndugu Meneja, pengine mwaka wa themanini na tatu ulikuwa bado unacheza gololi. Sisi tunaikumbuka Nguvu Kazi ya mwaka ule: mtu alikamatwa mtaani kwa uzururaji, akapakiwa kwenye lori, akapelekwa kulima. Watu walisoma maneno mawili, wakasikia na lori linanguruma, basi. Dereva wako Mikidadi anasema hajawahi kuona wazee wakiruka uzio vizuri namna ile. Wamekimbilia mashambani Narung'ombe na sasa wanalima. Yaani wamejipeleka wenyewe kulekule walikoogopa kupelekwa.

3. Nilikuandikia kwamba watu hawapo. Ukajibu kwamba kwenye mpango wapo, kwa hiyo zamu ijae. Nimeijaza. Nimejiandika asubuhi, nimejiandika mchana, na nimejiweka akiba endapo nitaugua. Jumatatu nilichelewa, nikajipa onyo.

4. Kanuni inasema msimamizi asiondoke bila kumkabidhi mwenzake. Nimejikabidhi, nikakataa, kwa kuwa na mimi nina harusi.

Naomba basi mpango wako utoe hata mtu mmoja mwenye mikono, au uje mwenyewe unishikie zamu. Visu vipo, na majivu ya kupaka viganjani ili mafuta ya ganda yasikubabue yapo. Magreti ni mtoto wangu wa pekee. Nisipokuwepo atapelekwa kanisani na mjomba wake, ambaye tangu binti huyu azaliwe anasema mimi nimeoa kiwanda. Hilo linaniuma kuliko mafuta ya ganda la korosho.

Wasalimu wote hapo ofisini, hasa aliyeandika tangazo. Herufi zake ni nzuri, zilisomeka kutoka mbali sana.

Wako mtiifu katika zamu zote,
Bonifasi

Nyongeza: Barua hii ilikosa basi. Leo ni Jumamosi, nami niko Ruponda. Nguvu kazi imepatikana. Wote wako hapa, walisikia kuna pilau. Mke wangu Dionisia amewagawa, hawa kuni, hawa maji, hawa masufuria, na hakuna aliyekaa bure. Nimemshika Magreti mkono mpaka mlangoni mwa kanisa, nikalia mbele ya wafanyakazi wangu wote. Kwa hiyo ruhusa usijisumbue nayo. Kiwandani hakuna mtu hata mmoja, ila kwenye mpango wako nadhani zamu imejaa.