Nilipanda kilima kwa miguu, nikashuka kwa kipoyi

Jamani, leo nimeaibika mbele ya kilima kizima.

Nianzie asubuhi. Miaka ile tuliyokaa Beni, pale Beu, hakuna aliyekuwa anapanda milima kwa raha. Ulienda kazini, ulirudi nyumbani, ulifunga mlango kwa kuogopa waasi. Sasa tumerudi Butembo, tunakaa Vulamba, na binti yangu Masika, mwenye miaka minane, ananisikia kila jioni nikijisifu jinsi nilivyokuwa nakimbia mpaka juu ya kilima cha kwa bibi yangu bila kupumzika. Leo akasema twende, anataka kuona. Mimi nilikuwa na hamu kumshinda yeye. Nilitaka kujua kama chemchemi ya kule juu bado inatoa maji, na zaidi ya yote nilitaka mtoto wangu anione nikifika.

(Bwana wangu alitazama viatu vyangu vya kanisani, akaendelea na chai yake. Angesema tu.)

Mwanzo ulikuwa mzuri. Masika aliuliza kila kitu. Kwa nini mikaratusi inavua ngozi? Kinyonga akilala anakuwa na rangi gani? Nani anakula maua ya maharagwe? Nilijibu yote. (Nusu nilibuni.) Baadaye nikaanza kumwambia tusimame tuangalie mandhari. Tuliangalia mandhari mara nyingi sana. Mwishowe akaniuliza kama ni mandhari yanayonifanya nipumue vile.

Juu kulikuwa kunaonekana kabisa. Nikaongeza mwendo ili ajue mama yake ni nani. Mvua ya usiku ilikuwa imelainisha udongo. Kiatu kikaenda kwake, mguu ukaenda kwake, nami nikakaa chini kwa kishindo. Kifundo kikavimba palepale. Kusimama, siwezi.

Masika alikuwa bado anachunguza alama niliyoiacha kwenye matope, wakatokea wanaume wanne wakipanda na kipoyi begani, kile kitanda cha miti cha kubebea wagonjwa kule ambako gari haifiki. Walikuwa wametoka kumfikisha mama mjamzito kwenye kituo cha afya, wanarudi kwao. Waliniangalia, wakaangaliana, wakashusha kipoyi. Nilikataa kwa adabu.

"Mama, panda tu," mkubwa wao akasema. "Na muguu moja utafika Butembo kesho."

Nikapanda. Miti ikalia. (Niliisikia, msinifariji.)

Sasa, huku kwetu mwanamke akipita kwenye kipoyi watu hawaulizi mara mbili: ni uzazi. Nami nilikuwa nimelazwa chali, kitenge kutoka kifuani mpaka miguuni, tumbo juu. Akina mama waliokuwa wakipalilia wakaacha majembe. Mmoja akanishika mkono, akaanza kutembea nami.

"Hapana sukuma, mama. Ngoja tufike kwanza."

Nikamwambia nimeteguka mguu tu. Akawaeleza wenzake kwamba uchungu umenifikisha mahali pa kusema ovyo, na wabebaji wakahimizwa wakimbie. Mwingine akaanzisha rozari. Tulipofika chini nilikuwa na msafara mzima nyuma yangu, na mimi mwenyewe, Mungu anisamehe, nilikuwa naitikia Salamu Maria pamoja nao. Ningenyamaza wangesema nimezimia.

Habari ilikuwa imetutangulia. Mkunga alisimama mlangoni mwa kituo cha afya, glovu tayari mikononi. Kando yake, amekuja kumwona yule mama wa kwanza, alikuwa mwalimu wa kwaya yetu. (Kati ya watu wote wa Butembo!) Mkunga akaweka mkono juu ya tumbo langu, akaminya hapa, akaminya pale, akakunja uso. Akauliza mimba ina miezi mingapi.

Kabla sijafungua mdomo, Masika alijibu kwa ile sauti anayotumia kusoma mbele ya darasa.

"Mama hana na mimba. Aliangukaka. Tumbo yake iko vile siku yote."

Rozari ikakatika katikati. Mwalimu wa kwaya akageuka kusoma bango la chanjo. Mbebaji mmoja akaenda nyuma ya nyumba, tukamsikia akicheka huko mpaka akakohoa. Mkunga akavua glovu polepole, akaniuliza sasa ni mguu gani.

Tumerudi nyumbani kwa pikipiki. Mguu umefungwa, uko juu ya mto, na hapa ndipo moyo uliponiuma kweli, maana mtoto aliahidiwa kilele akaonyeshwa kipoyi. Nikamwomba Masika samahani. Nikamwambia nitaelewa kama hataki tena kwenda na mimi.

Akafikiri kidogo. Akasema anataka, mguu ukipona tu tutaenda. Karibu nilie kwa furaha.

"Lakini," akaongeza, "tukikutana na batu mu njia, wee hapana mama yangu."